MAHAKAMA YA MAJI YA VALENCIA: MFEREJI ULIOBAKI BAADA YA WATU KUFUKUZWA

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi. Himidi zote anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama ba'ad.

Siku hizi watoto wetu wanarudi kutoka shuleni wakizungumzia ukame, mafuriko na mabadiliko ya tabianchi. Wanafundishwa kwamba binaadamu hana budi kubadili namna anavyoishi na ardhi yake. Hilo ni kweli. Lakini liko swali ambalo halisemwi sana: jamii inapobadilika, nani anabaki na nani anaondolewa? Elimu ya nani inahifadhiwa, na ya nani inatupwa?

Tumeona tulitazame swali hili kwa kisa cha kweli katika historia, kisa cha mji wa Valencia huko Hispania. Mji huo na nchi yake walipitia mageuzi makubwa mawili. Katika la kwanza, mshindi aliheshimu mfereji wa aliyemshinda. Katika la pili, mtawala alifukuza watu akitumaini mifereji yao itaendelea kutiririka yenyewe. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo darasa letu la leo.

ALHAMISI SAA SITA MCHANA

Kila Alhamisi, saa sita mchana, wakulima kadhaa waliovaa majoho meusi hukaa nje ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia. Hao ni waamuzi wa Mahakama ya Maji. Kila mmoja amechaguliwa na wakulima wenzake wanaotumia mfereji wake. Si wanasheria, na hakuna mawakili. Tarishi wa mahakama huita majina ya mifereji mmoja mmoja, akiuliza kama yuko mshitakiwa. Aliyeiba maji nje ya zamu yake, au aliyeacha mfereji wake ukajaa matope, husimama na kujieleza kwa mdomo. Hukumu hutolewa hapo hapo, kwa lugha ya wenyeji, na haikatiwi rufaa juu ya kosa lenyewe.

Tena wana utaratibu mzuri wa kuepusha upendeleo. Mshitakiwa akiwa anatoka ng'ambo moja ya mto Turia, anayeongoza shauri ni mwamuzi wa ng'ambo ya pili, na mwamuzi wa mfereji wa mshitakiwa hashiriki kutoa hukumu.

Mwaka 2009 UNESCO iliiweka mahakama hiyo, pamoja na mwenzake wa Murcia, katika orodha ya urithi wa binaadamu. Wakati huo ilikuwa na waamuzi wanane waliowakilisha wanachama 11,691 wa jumuiya tisa za wakulima.

Msomaji atauliza: sisi Waislamu tunahusika vipi na wakulima wanaokaa mlangoni mwa kanisa? Jibu liko chini ya jengo lenyewe. Pale lilipo kanisa kuu ndipo ulipokuwa msikiti mkuu wa mji, ambao Waislamu wakiuita Balansiya. Na mapokeo ya wenyeji yanasema kikao hufanyika nje ya mlango kwa sababu baada ya msikiti kugeuzwa kanisa, wakulima Waislamu walikuwa hawaingii ndani.

MAJI YALIVYOGAWANYWA

Tuwe waadilifu. Waislamu waliovuka kwenda Andalus mwaka 711 hawakuikuta nchi tupu. Warumi walikuwa wameshachimba mifereji kabla yao. Walichofanya Waarabu na Waberiberi ni kuupanua umwagiliaji, kuleta mazao mapya na kupanga namna ya kugawana. Mpunga, miwa, malimau na mabiringanya vilistawi katika mashamba hayo. Hata majina yalibaki. Mfereji kwa Kihispania ni "acequia", kutoka neno la Kiarabu "as-saqiya". Mchele ni "arroz", kutoka "ar-ruzz". Sukari ni "azúcar", kutoka "as-sukkar". Mtoto wa Kampala au Bujumbura anapoomba sukari asubuhi, anatamka neno lenye asili moja na lile la mtoto wa Valencia. Kandokando ya mji huo viko vitongoji kama Benimaclet na Benimàmet, na "Beni" hiyo ni ile ile ya Banii Hashim, yaani wana wa fulani.

Msingi wa mgawo ulikuwa huu: maji hayakupimwa kwa ujazo usiobadilika, bali kwa fungu la mto. Mto ukijaa, kila mfereji hupata zaidi. Mto ukipungua, wote hupungukiwa kwa kiasi cha mafungu yao. Hakuna mwenye haki ya kushiba peke yake mwaka wa njaa. Wanahistoria kama Thomas Glick, aliyeandika juu ya umwagiliaji wa Valencia mwaka 1970, wameulinganisha utaratibu huo na ule wa mashamba ya Damascus.

Kwetu sisi jambo hili lina mizizi ya karibu zaidi. Imepokewa katika Sahihi al-Bukhari kwamba Zubayr (R.A.) aligombana na mtu wa Ansari juu ya mfereji mjini Madina. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, amwagilie kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Aliye juu ana haki ya kuanza, lakini hana haki ya kuyazuia.

MWAKA 1238: MSHINDI ALIYEULIZA DESTURI

Mwaka 1238 mfalme Jaime wa Kwanza wa Aragon aliuteka mji. Hatutaki kuipamba siku hiyo. Waislamu wa mjini walilazimika kuhama na vitu vyao, nyumba zao zikagawiwa wageni, na msikiti ukawa kanisa. Yalikuwa machungu.

Lakini juu ya maji mfalme alikuwa na busara. Aliwapa walowezi wake mifereji, akaamuru katika sheria zake kwamba waitumie kama ilivyokuwa desturi tangu zamani, wakati wa Waislamu. Hakuandika kanuni mpya kutoka kwao Aragon. Alijua kwamba bonde hilo lina wenyewe wanaolijua, na kwamba asiyeuliza njia ya maji atakufa njaa juu ya ardhi yenye rutuba. Waislamu waliobaki vijijini waliendelea kulima chini ya mabwana Wakristo kwa karne nyingi.

Wenyeji wanapenda kusema mahakama yao ilianzishwa mwaka 960, enzi za Khalifa wa Cordoba, na mwaka 1960 waliadhimisha miaka elfu moja. Wanahistoria wengi hawaikubali tarehe hiyo kwa uhakika. Lakini fikirini jambo lenyewe: Wakristo wa Valencia, katika Hispania ya Jenerali Franco, walisherehekea kwa fahari asili ya Kiislamu ya mahakama yao.

MWAKA 1609: MTAWALA ALIYEFUKUZA

Mwaka 1525 Waislamu wa nchi hiyo walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Moriscos. Wengi waliendelea kuificha dini yao. Na tarehe 22 Septemba 1609 ilitangazwa mjini Valencia amri ya mfalme Philip wa Tatu kwamba Moriscos wote waondoke. Walipewa siku tatu kwenda bandarini, na ruhusa ya kuchukua kile tu walichoweza kubeba wenyewe. Katika ufalme wa Valencia waliondolewa zaidi ya watu laki moja, kama theluthi moja ya wakazi wote. Kufikia mwaka 1614 waliofukuzwa Hispania nzima walikuwa kama laki tatu.

Ndani ya amri hiyo kulikuwa na kifungu cha ajabu. Kiliruhusu familia sita katika kila mia zibaki. Kwa nini? Ili watunze mitambo ya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji, na wawafundishe walowezi wapya. Yaani walioandika amri walijua fika wanachokipoteza. Waliwataka mafundi bila ya watu wao, na elimu bila ya wenyewe. Na wengi wa waliotakiwa kubaki walikataa, wakaondoka na jamaa zao.

Matokeo yake vijiji vingi vilibaki mahame kwa miaka mingi. Mabwana waliotegemea wakulima hao waliingia katika madeni, na kilimo cha miwa cha Gandia kilipata pigo kubwa. Mifereji ya kandokando ya mji wa Valencia haikukauka, kwa kuwa wakulima wengi wa hapo walikuwa wameshairithi elimu hiyo kwa zaidi ya karne tatu. Pale elimu ilipopokelewa kwa mkono, maji yaliendelea. Pale ilipofukuzwa, ardhi ikalala.

Na waliofukuzwa je? Wengine waliporwa na kuuawa njiani kuelekea bara la ndani la Afrika ya Kaskazini. Wengine walipokewa Tunis na mtawala Uthman Dey. Walianzisha miji kama Testour katika bonde la mto Medjerda, wakalima, wakafufua mashamba, na kofia nyekundu za Tunis zikapata sifa kwa ufundi wao. Hasara ya Hispania ikawa neema ya Tunisia.

HALI ILIVYO SASA

Mashamba ya Valencia sasa yana adui mwingine, nao ni barabara na majengo. Mwaka 2018 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuyalinda, na mwaka 2019 shirika la FAO liliyatambua kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kusini zaidi, katika milima ya Sierra Nevada, iko mifereji ya enzi za Waislamu inayochukua maji ya theluji na kuyanywesha mlima wenyewe, ili yatoke kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Mingi iliachwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wanakijiji na watu wa kujitolea, waliufungua mmoja katika kijiji cha Cáñar. Ili kujua ulikopita, iliwabidi wawaulize wazee waliowahi kuutumia.

MAFUNZO TUNAYOPATA

Kwanza, elimu ya ardhi inakaa ndani ya watu. Ukimdharau mtu kwa dini yake au kabila lake, umeizika na elimu yake.

Pili, kugeuza mambo si lazima kuwe kubomoa. Jaime alibadili utawala akaacha kanuni ya maji. Miradi ya leo, hata yenye jina zuri la mazingira, ikija bila kuwauliza wenyeji itakuwa inafuata njia ya 1609.

Tatu, na hili linatugusa sisi. Ni rahisi kuisoma Andalus kwa majigambo, au kwa machozi tu. Sisi Waislamu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni wachache baina ya majirani wa dini nyingine, na tunapenda mchango wetu utambuliwe. Je, na sisi tunautambua wa wenzetu? Mzee wa jirani ambaye si Muislamu, anayejua chemchemi ya kijiji inapokauka na mti gani usikatwe, tumewahi kumpeleka mtoto wetu akamsikilize?

Nne, tuanze na bomba la msikitini petu. Tumefundishwa tangu utotoni tusifanye israfu ya maji katika udhu hata tukiwa ukingoni mwa mto. Lakini kila Ijumaa tunayaona mabomba yamefunguliwa mpaka mwisho huku watu wakizungumza, na kina mama wa mtaa ule ule wamepanga foleni na madumu yao. Hao ndio majirani wa mfereji wetu, na sisi ndio tulio juu.

Tunawaomba wazazi wakisome kisa hiki na watoto wao, kisha wawaulize: katika mtaa wetu, nani yuko juu ya mfereji, na nani yuko chini?

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana ya ardhi na haki ya jirani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.