Tingatinga na Mwendo wa Besi

Msafiri atokaye Mto wa Mbu akipanda Karatu kuelekea Ngorongoro huona picha zimetundikwa kandokando ya njia: chui, tembo, na ndege wenye shingo ndefu, rangi zikimeremeta. Watu huziita Tingatinga. Ni wachache wajuao kwamba hilo ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Hakupata kusomea uchoraji. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, vitu vya fundi wa kawaida, akaziuza picha zake Oysterbay.

Katika jiji hilohilo bendi za jazz zilikuwa zimeshamiri. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964. Jina la jazz lilitoka Marekani na magitaa yalitoka ng'ambo, lakini mashairi, mafumbo na machezo vilikuwa vyetu. Tingatinga naye alifanya vivyo hivyo kwa brashi yake: chombo cha mgeni, kauli ya mwenyeji.

Katika bendi, mpiga besi ndiye ashikaye mwendo. Akinyamaza, wachezaji hupotewa na hatua. Hata hivyo wasikilizaji hukariri jina la mwimbaji tu. Hali ya wachoraji wetu haitofautiani na hiyo. Tingatinga aliwafundisha vijana, miongoni mwao Simon Mpata na January Linda. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, hata miaka mitano ya uchoraji haijatimia. Wanafunzi wake ndio walioushika mwendo usikatike, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika.

Leo jina la mwalimu limekuwa jina la bidhaa, na mkono uliochora picha ya njiani aghalabu haujulikani kwa mnunuzi. Hapana budi mwalimu amzoeze mwanafunzi kuuliza: ni nani aliyechora? Tangu mwaka 1959 Ngorongoro imekuwa hifadhi, wanyama wake wakalindwa na kuhesabiwa. Waama, taifa lijualo idadi ya faru wake halikosi uwezo wa kuyajua majina ya wasanii wake.