Mjapani alivyofuzu kwenye tope la Safari

Ukiuliza kijiweni leo ni gari la nchi gani lisilosumbua, utajibiwa bila kusita: Mjapani. Sifa hiyo si ya siku nyingi. Mwaka 1963 Nissan walipoleta magari yao kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya magari ya Safari, hakuna hata moja lililofika mwisho.

Mashindano hayo yalianzishwa 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa hizi hizi tulizozijua wote: vumbi la kuziba kabureta, mawe ya kupasua sampu, na kwa kuwa baadaye yalifanyika wakati wa Pasaka, tope la masika. Hakuna maabara ingeweza kuyapima magari ya mataifa kwa haki kuliko njia zile. Mwaka huo wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Katikati ya hapo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyo hiyo. Springi za Peugeot zilikuwa laini na zilizama sana, kwa hiyo gurudumu lilishuka shimoni na kupanda bila bodi kupata kishindo. Ndiyo maana Mfaransa alipendwa sana na waliosafirisha abiria masafa marefu, na heshima hiyo aliistahili.

Nissan hawakufungasha virago. Mwaka 1966 Bluebird yao iliongoza daraja lake. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akatwaa ushindi wa jumla kwa Datsun 1600 SSS (Datsun ilikuwa nembo ya Nissan), na timu yake ikachukua kombe la timu. Mwaka uliofuata akashinda tena, sasa kwa 240Z. Shekhar Mehta akashinda 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Joginder Singh, aliyekuwa ameshinda 1965 kwa Volvo ya Sweden, akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwa Nissan, kutoka kushindwa kabisa hadi ubingwa ni miaka 7 tu. Watu walewale, nchi ileile.

Toyota nao walikuwa wameonja aibu yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliipeleka Toyopet Crown Marekani. Gari lile lilitengenezwa kwa barabara mbovu za Japani ambako hakuna aliyekwenda kasi. Lilipokanyagwa kwenye barabara kuu za California, injini ilichemka na bodi ikatetemeka. Mwaka 1960 haujaisha, wakasimamisha kuliuza.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote kwamba si taifa linaloamua ubora wa gari, kwa maoni yangu, uko Fremont, California. Kiwanda cha General Motors cha pale kilifungwa 1982 kikiwa na sifa mbaya: utoro, migogoro isiyoisha, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale, wa chama kilekile cha wafanyakazi. Kilichobadilika ni utaratibu. Zamani mstari wa kuunda magari haukuruhusiwa kusimama. Gari lenye kasoro lilisukumwa mbele, likarekebishwe mwishoni. Sasa kila fundi alikuwa na kamba jirani yake. Boliti ikikataa kukaa, anaivuta, msimamizi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa mara moja mstari unasimama. Muda si mrefu, magari ya Fremont yakakaribia kulingana kwa ubora na yale yaliyoundwa Japani kwenyewe, kwa mikono ya Wamarekani walioitwa wavivu.

Kwa hiyo tunaposema "la Mjerumani" au "la Mjapani", mara nyingi tunataja nembo tu. Hilux nyingi za Toyota zinazotembea Afrika zimeundwa Durban, Afrika Kusini, na namba zake za chesi huanza na A. Iliyoundwa Japani kwa soko la nje huanza na J, ya Ujerumani na W, ya Uingereza na S. Gari la mtumba lililokuwa likitumika Japani kwenyewe lina namba fupi yenye kistari, kwa mfano inayoanza na NCP51 kwa baadhi ya Probox.

Kabla hujatoa pesa, funua boneti uisome namba hiyo. Kisha umuulize fundi wako maswali mawili: spea halisi za modeli hiyo zinapatikana mjini kwako, na aliyekutangulia alikuwa akimwaga oili kwa wakati? Majibu hayo yatakusaidia kuliko bendera ya nchi yoyote.