Foleni Mbili, Mlango Mmoja: Miaka Mia ya Bastola ya Risasi Nyingi

Msikilizaji wa taarifa za habari za Kenya amelizoea neno "Ceska". Askari akiporwa bastola, au jambazi akinaswa nayo, mtangazaji hulitaja jina hilo, kisha huongeza idadi ya risasi zilizokutwa kwenye magazini. Ceska, kwa asili, ni jina la kiwanda cha Wacheki, Česká zbrojovka, kilichopo mji wa Uherský Brod. Bastola iliyokipa sifa duniani, CZ 75, ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikaonyeshwa mwaka 1975. Ilibeba risasi 15 mahali ambapo bastola nyingi za awali zilibeba 7 au 8, na bado mtu wa kawaida aliweza kuikamata kwa mkono mmoja.

Siri yake imo ndani ya mpini. Magazini ni kijisanduku cha bati chenye springi chini, inayozisukuma risasi juu. Katika Colt ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1911, risasi zililala moja juu ya nyingine, 7 tu. Ukisema uzipange mistari miwili sambamba, mpini unanenepa mpaka kidole hakifiki kwenye kifyatulio. Dawa ya tatizo hilo mchuuzi wa machungwa anaijua: chungwa la juu halikai kichwani mwa la chini, hulala kwenye mwanya wa mawili. Risasi nazo zikipangwa hivyo, moja kulia na moja kushoto, upana hupungua. Karibu na mdomo, kuta za kijisanduku hubana, na zile foleni mbili huingia mlango mmoja: risasi hutoka moja moja, bila kugombana.

Wazo hilo halikuzuka siku moja. Mauser ya Kijerumani ya 1896 ilikuwa na risasi 10 za kupishana, ila sanduku lake lilikaa mbele ya kifyatulio, nje ya mpini. Savage ya Marekani ya 1907 iliziingiza 10 ndani ya mpini, lakini zilikuwa risasi ndogo. Aliyefanikiwa kuingiza risasi za kijeshi za milimita 9 alikuwa Dieudonné Saive, mbunifu wa kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji.

Mteja aliyewasukuma alikuwa jeshi la Ufaransa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilitaka bastola isiyopungua risasi 10, na isiyofyatuka magazini ikiwa imechomolewa. FN ikamgeukia John Moses Browning, fundi wa Utah aliyekwisha kuibuni ile Colt ya 1911. Browning alichora bastola, Saive akaleta magazini. Novemba 26, 1926, Browning alifariki ghafla palepale kiwandani, akiwa na umri wa miaka 71. Hataza ya bastola hiyo ilitolewa Marekani Februari 1927, mwenyewe akiwa kaburini. Saive aliendelea peke yake. Hataza za zamani zilizokuwa mikononi mwa kampuni ya Colt zilipokwisha muda, alichukua humo alichokihitaji, na mwaka 1935 bastola ikatoka ikiwa na risasi 13. Kwa Kifaransa iliitwa Grande Puissance, kwa Kiingereza Hi-Power.

Wafaransa walioiagiza hawakuinunua. Walichagua bastola yao wenyewe ya mwaka huo huo, yenye risasi 8.

Wengine waliitaka kwa pupa. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, walikifanya kiwanda cha Herstal kiwatengenezee wao. Saive alikimbilia Uingereza, na kabla vita havijaisha kiwanda cha Inglis cha Toronto, Kanada, kilikuwa kikiitoa bastola ile ile kwa ajili ya majeshi ya Kanada, Uingereza na China. Ikawa silaha moja, pande mbili za mstari wa vita.

Miaka ya 1970 ilikuwa zamu ya wafuasi: Smith & Wesson 59, Beretta 92 na CZ 75. Mapinduzi yaliyofuata yaliletwa na mtu asiyekuwa fundi wa bunduki. Gaston Glock, wa mji wa Deutsch-Wagram, Austria, alikuwa akitengeneza vyuma vya mapazia na visu. Mwaka 1982 bastola yake ilikubaliwa na jeshi la Austria. Mwili wake ulikuwa wa plastiki, ambayo Heckler & Koch ya Ujerumani ilikwisha kuijaribu mwaka 1970. Haikuwa na kitasa cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba; usalama wake ulikuwa kwenye kifyatulio chenyewe. Ilibeba risasi 17, na bila magazini haikufika gramu 700.

Marekani iliipokea Glock ikiwa bado na jeraha bichi. Aprili 11, 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili jijini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva, na tukio hilo likawa hoja kubwa ya polisi kuziacha. Lakini wale wawili waliokufa walikuwa miongoni mwa wachache waliobeba bastola za risasi nyingi. Adui yao alikuwa na bunduki.

Mwaka 1994 sheria ya Marekani ilizuia raia kuuziwa magazini mpya za zaidi ya risasi 10, hadi ilipokoma mwaka 2004. Sheria ilipunguza risasi, viwanda vikapunguza bastola: kama ni 10 tu, mpini mrefu wa nini? Njia hiyo ilifika mbali mwaka 2018, SIG Sauer ilipotoa P365, yenye uzito wa nusu kilo hivi na risasi 10. Magazini yake ni kama foleni moja na nusu: risasi hupishana kidogo tu.

Mambo mapya ya leo yanaonekana zaidi kwa nje. Chini ya mtutu kuna reli ya kufungia tochi. Juu, pale palipozoeleka vyuma viwili vya kulengea, pamechongwa mahali pa kioo kidogo chenye nukta nyekundu. P320 ya SIG Sauer hiyo hiyo, ambayo jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, mashine yake huchomolewa na kuhamishiwa mpini mwingine, mnene au mwembamba, kufuata mkono wa mwenyewe.

Mwaka 2022 FN ilirudisha sokoni bastola yenye jina la ile ya Browning na Saive, ikiwa imebuniwa upya. Ya kwanza ilibeba 13, hii inabeba 17. Kiganja cha kuishika ni kile kile cha 1935.