Majengo na maegesho: Jinsi kitovu cha Nairobi hukaguliwa

NAIROBI ilianza mnamo 1899 ikiwa kambi ya wajenzi wa reli. Barabara za kitovu chake zilipangwa kabla ya magari kuwa mengi, na baadhi ya nyumba za mawe za River Road na Biashara Street zimesimama tangu enzi za ukoloni. Ndiyo sababu wapangaji wa miji hukagua mambo mawili kwa pamoja: uthabiti wa majengo na nafasi za kuegesha magari.

Haja ya kukagua majengo imedhihirishwa na mikasa. Mnamo 1996, duka kuu la Sunbeam liliporomoka katikati mwa jiji. Agosti 7, 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliangusha Jumba la Ufundi lililopakana nao. Januari 23, 2006, jengo la orofa kadhaa lililokuwa likijengwa Nyamakima liliwaporomokea mafundi na kusababisha vifo.

Mkaguzi huanza kwa macho. Hutazama nyufa katika kuta na nguzo, vyuma vilivyoshika kutu, paa linalovuja na sakafu iliyobonyea. Ufa mwembamba wa lipu si sawa na ufa unaopasua nguzo kwa mshazari. Panapokuwa na shaka, zege hupimwa kwa nyundo maalumu, au kipande chake hukatwa na kupelekwa katika maabara ili nguvu zake zijulikane.

Kisha ramani iliyoidhinishwa hulinganishwa na jengo lenyewe. Orofa zilizoongezwa bila kibali huelemea msingi ambao haukukusudiwa kuzibeba. Vyumba vilivyogawanywa kuwa vibanda vya biashara huziba njia za kutokea moto unapozuka. Majengo yanayopatikana kuwa hatari hutiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ingawa alama hiyo pekee haimhamishi mpangaji asiye na kwingine kwa kwenda.

Maegesho nayo huhesabiwa. Wakaguzi huorodhesha nafasi zilizo kando ya barabara, viwanja vya wazi na orofa za chini ya majengo. Baadaye hupita kila saa wakiandika magari yaliyopo na muda ambao kila moja limekaa. Msomi wa Marekani, Donald Shoup, katika kitabu chake cha 2005, alipendekeza bei ya maegesho ipangwe ili takriban asilimia 85 ya nafasi zitumike na chache zibaki wazi. Zinapojaa zote, madereva huzunguka wakitafuta pa kuegesha, na msongamano huzidi.

Hapo ndipo mambo hayo mawili hukutana. Jengo linaweza kuidhinishwa kwa sharti kwamba orofa yake ya chini itakuwa ya magari, kisha mwenyewe akaigeuza kuwa ghala au maduka yenye kodi nono. Magari yaliyostahili kuwa humo humiminika barabarani. Mkaguzi asiyeteremka chini ya jengo huhesabu nafasi zilizo kwenye karatasi tu.

Kuongeza maegesho pia kuna gharama. Mnamo 1991, mpango wa kujenga jumba na maegesho katika bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mnamo 1906, ulipingwa na wananchi hadi ukatupwa. Mnamo 2019, sehemu ya barabara ya Luthuli Avenue ilitengewa watembeao kwa miguu, nao ndio wengi jijini.

Kwa hivyo, takwimu za ukaguzi hazitoshi peke yake. Huonyesha ni jengo lipi la kukarabatiwa au kubomolewa, na ni wapi magari yamezidi nafasi. Uamuzi wa iwapo ardhi finyu ya jiji itapewa gari, duka au mpita njia hubaki kwa wakazi na viongozi wao. Lakini kuhusu nguzo iliyopasuka hakuna la kujadiliwa: usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe huangukia watu.