Nyumba Sinza, hati ya miaka 33: hivi tunanunua nini hasa?

Mwezi uliopita mama yangu alinipigia simu saa nne usiku. Kwa mama, simu ya saa hizo huwa ni msiba, nikapokea moyo unadunda. Kumbe safari hii ni nyumba. Dalali kampeleka Sinza, kaona vyumba vitatu, uzio, kisima na mwembe uani. Bei yake inakaribia kumaliza kiinua mgongo chote cha miaka 34 ya kufundisha shule ya msingi. "Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari. Njoo uisome hiyo hati kabla sijatoa hela."

Jumamosi nikaenda. Hati ina muhuri, jina ni la muuzaji, ramani ya kiwanja imebandikwa. Ila ndani ya kile Kiingereza cha wanasheria kuna mstari unaosema muda wake ni miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 1999. Piga hesabu mwenyewe: inakwisha tarehe 30 Juni 2032. Nilipomtafsiria, mama akavua miwani akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. "Ina maana baada ya hapo si yangu?"

Mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema hayo ni makaratasi tu, Dar watu wanaishi hivyo hivyo, nyumba ni nyumba. Mimi sikuwa na jibu. Nina shahada, naandika habari za mji huu kila wiki, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini Mtanzania hupewa ardhi kwa miaka ya kuhesabu. Nikarudi kwenye vitabu. Niliyoyakuta yanamhusu kila mmoja wetu anayeota kuwa na nyumba mjini, kwa hiyo nayaweka hapa.

Hadithi inaanza na Wajerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitolewa amri ya kifalme kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ambayo hakuna aliyethibitisha kuimiliki ni ya dola. Fikiria mkulima wa wakati ule anaambiwa athibitishe kwa maandishi shamba la babu yake! Wazungu wenye mashamba makubwa ndio waliopewa umiliki wa kudumu, ule usio na tarehe ya kwisha.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakatunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Ardhi yote ikawa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, naye akawa anatoa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Ule umiliki wa kudumu uliotolewa na Wajerumani ukaachwa kama ulivyo. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili itambue pia haki ya mwananchi anayekalia ardhi kwa mila na desturi za kwao. Kumbuka jambo hilo la mila, nitalirudia.

Sasa njoo 1958. Serikali ya kikoloni ikaleta pendekezo la kuruhusu Waafrika nao wapate umiliki wa kudumu. Ungedhani TANU wangeshangilia. Wapi! Mwalimu Nyerere akaandika kijitabu, Mali ya Taifa, akipinga. Hoja yake ilikuwa hii: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na chako ni kile ulichoongeza kwa jasho lako. Ukiifanya bidhaa ya sokoni kama shati, mwenye hela atainunua yote, na wajukuu wa waliouza watakuwa wapangaji katika nchi yao. Alikuwa anamtetea maskini, na ukiangalia jinsi viwanja vya pwani vinavyogombaniwa, hoja ile haijachakaa hata kidogo.

Baada ya uhuru akatekeleza. Sheria ya 1963 ilifuta umiliki wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi, ile ile iliyoanza mwaka 1923. Alipokuwa Gavana, sasa akawa Rais.

Halafu ikaja Aprili 1971. Serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikakabidhiwa Msajili wa Majumba. Nyumba iliyozidi miaka kumi, mwenyewe hakulipwa fidia. Wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wapo waliofunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Mwaka 1990 majengo hayo yaliingizwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wapo waliopata pa kuishi kwa kodi nafuu kwa sababu ya sheria ile, na wapo waliopoteza jasho la maisha. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi ikasikiliza wananchi, na pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba ardhi isibaki mikononi mwa Rais. Ya vijiji iwe ya wanakijiji wenyewe. Serikali haikulikubali. Sheria za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeacha ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ila zilileta badiliko moja kubwa: zilikubali kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Zamani ukihamishwa, ulifidiwa mazao na jengo tu.

Wenzetu Kenya walipita njia nyingine. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliruhusu miaka 99, ile ya 1915 ikawapa walowezi miaka 999. Elfu kasoro moja! Katiba yao ya 2010 ndiyo iliyowapunguzia wasio raia mpaka 99. Lakini Kenya umiliki wa kudumu upo, kwetu hakuna.

Turudi kwa mama. Nikamweleza kwamba mjini hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na kwamba kwisha kwa muda hakumaanishi greda litakuja asubuhi yake. Sheria inamruhusu mwenye hati kuomba aongezewe. Lakini kuomba ni kuomba. Wataangalia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa na kama masharti ya matumizi yamefuatwa, na kuna gharama. Ukivunja masharti, hata miaka ikiwa bado mingi, Rais anaweza kuifuta hati. Na benki ikiona miaka imebaki michache, itasita kukukopesha.

Mama akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na kihamba cha bibi yako kule Rombo, kinakwisha lini?" Nikamwambia hakiishi. Ardhi ya mila kijijini haina kikomo cha miaka kwa mwanakijiji, sheria ya 1999 inaitambua hivyo. Akacheka. "Kwa hiyo bibi yako asiye na karatasi ana ardhi ya milele, na mimi mwenye hati ya muhuri nina miaka ya kuhesabu?"

Sikucheka sana, maana mjomba alikuwa ananitazama akisubiri niseme nunua au usinunue. Nilichosema ni kwamba mwembe, kisima na vyumba vitatu vina bei yake, na miaka iliyobaki ina bei yake. Dalali ametutajia bei moja kana kwamba miaka iko 99.

Tulikubaliana hivi. Kwanza tukapekue daftari kwa Msajili wa Hati, tujue kama nyumba haina mkopo wala zuio. Pili, muuzaji atuonyeshe stakabadhi za kodi ya ardhi. Tatu, aombe yeye mwenyewe kuongezewa muda kabla hatujamlipa. Hataki, ashushe bei. Dalali amenuna. Anasema wapo wateja wengine watatu, tena wenye hela mkononi.

Huenda ni kweli. Mama anasema waache wanunue, yeye alifundisha hesabu miaka 34 na hawezi kufeli ya kutoa mbele ya mwanawe. Tunasubiri jibu la muuzaji. Nawe msomaji, kama wazee wako wana hati ndani ya sanduku, leo ukirudi nyumbani iombe, uisome tarehe.