Jina Hubaki, Thamani Huhama: Sarafu za Uganda kutoka Kauri hadi Shilingi

Katika masoko ya Nakasero na Owino jijini Kampala, fedha huitwa ensimbi. Neno hilo la Kiganda hapo awali lilitaja kauri, ambazo misafara ya biashara ilizileta kutoka pwani na ambazo zilitungwa katika uzi kwa mamia ili zihesabike kwa urahisi. Kauri zimetoweka sokoni. Jina lake limesalia. Makala hii inadai kwamba kudumu kwa majina ya fedha nchini Uganda kumeficha, mara kwa mara, mabadiliko makubwa ya thamani, na kwamba historia hiyo ina funzo kwa mpango wa sarafu moja ya Afrika Mashariki.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Kodi hiyo iliwalazimu wakulima kuitafuta rupia, fedha ya asili ya Bara Hindi, na kufikia 1901 serikali ilikuwa imeacha kupokea kauri kama malipo ya kodi. Aliyekuwa na akiba ya kauri alibaki na ensimbi kwa jina tu. Neno pesa nalo lilipitia njia inayofanana na hiyo: lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, 64 kwa rupia moja, kabla ya kuwa jina la fedha kwa jumla. Vivyo hivyo, hela ya Wajerumani, ambayo tangu 1904 ilikuwa sehemu ya mia ya rupia yao, imedumu katika vinywa vya Watanzania muda mrefu baada ya sarafu yenyewe kukoma.

Mfano ulio wazi zaidi ni senti. Kuanzia miaka ya 1906 na 1907, rupia ya Uganda na ya nchi jirani ya Kenya iligawanywa katika senti 100, na senti ndogo zilitobolewa katikati, zikawezekana kutungwa kama kauri. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Mwaka uliofuata rupia, ambayo awali 15 kati yake zilikuwa sawa na pauni moja, ilithibitishwa kuwa shilingi 2, hivyo rupia 10 zikatosha kwa pauni. Aliyedaiwa kwa rupia huku akiuza mazao yake kwa pauni aliona deni lake likiongezeka kwa nusu. Florini iliyochukua nafasi ya rupia haikudumu miaka miwili. Mwaka 1921 ilifuatwa na shilingi, iliyokuwa nusu yake. Kwa hiyo senti mpya, sehemu ya mia ya shilingi, ilikuwa na nusu ya thamani ya senti ya awali. Jina halikubadilika hata kwa herufi moja.

Benki Kuu ya Uganda ilianza kazi mwaka 1966 na kutoa shilingi ya taifa. Mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, na tozo ya asilimia 30 ikakatwa. Shilingi ilibaki shilingi, lakini aliyepeleka 100 alirudi na senti 70.

Itifaki ya Umoja wa Sarafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Mjadala wa jina la sarafu hiyo ni muhimu, ila hautoshi. Ikiwa jina litakalochaguliwa litakuwa la zamani, kiwango cha ubadilishaji kinapaswa kutangazwa kwa Kiswahili na kwa lugha za masoko, kwa mifano ya bei za kila siku, kabla ya siku ya mabadiliko. La sivyo, mchuuzi wa Owino atalifahamu jina na kukosa kujua kilichopungua mfukoni mwake.