Jok: Jina Moja au Kitu Kimoja?

Je, jina linalotaja jamii nzima ya vitu lina kitu kimoja nyuma yake, au kilichopo ni vitu mbalimbali tu vilivyopewa jina moja? Swali hili, walilobishania Plato na Aristotle, lilizuka upya miongoni mwa wataalamu wa Kiluo katika karne ya 20, nalo liliegemea neno moja: jok.

Mwaka 1961 Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyezaliwa Gem, kaskazini-magharibi ya Kisumu, alichapisha makala juu ya dhana ya jok. Kwa mwelekeo unaokaribia ule wa padri Placide Tempels, aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu wa Kongo mwaka 1945, aliiona jok kuwa nguvu moja, kiini cha kila kiumbe.

Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyeanzisha tamasha la sanaa mjini Kisumu mwaka 1968, aliipinga rai hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya dini ya Waluo wa Kati alishikilia kuwa watu hawana habari na jok kwa jumla. Wanaijua jok hii na ile, kila moja na jina lake, madhara yake na matambiko yake. Rubanga, kwa mfano, ndiye apindaye uti wa mgongo. Hata hivyo, wamisionari waliotafuta jina la Muumba waliliteua lilo hilo, nalo likabaki katika sala za Waacholi.

Kando ya ziwa, Kijaluo kinautatiza zaidi ubishi huu. Juogi ni pepo. Juok huelekea uchawi. Jajuok ni mchawi, au mtu akimbiaye usiku akiwatisha majirani. Mungu huitwa Nyasaye, jina wanalolitumia Waluhya pia. Shina la maneno yale matatu ni moja, lakini umoja wa shina ni jambo la historia ya lugha. Hautoshi kuthibitisha umoja wa kitu.

Onyo hilo lamhusu pia msemaji wa Kiswahili, ambaye kiambishi u- humpatia utu, uzuri na uchawi kwa wepesi mno. Mtunga kamusi aandikaye kuwa jok ni "nguvu" amekwisha kumpa Ogot ushindi. Aandikaye "pepo" amempa p'Bitek. Yafaa kwanza amsikilize msemaji, ajue ni jok ipi inayotajwa.